Tarehe Isiyo ya Kweli Kwenye Faili ya CRB: Jinsi ya Kuipinga

Somo la toleo hili linahusu kitu ambacho wengi hukisikia kwa mara ya kwanza siku ile wananyimwa mkopo, yaani CRB. Katika vikundi vya akina mama, vya vijana na vya wakulima tunaulizwa swali moja tena na tena: "Nililipa deni langu lote, mbona bado naambiwa jina langu ni baya?" Mara nyingine jibu ni kwamba deni halikuisha, kulibaki riba au faini ambayo mtu hakujua. Lakini mara nyingine deni liliisha kabisa, na kosa ni moja tu. Tarehe iliyoandikwa kwenye faili si ya kweli.

Watu hudhani tarehe ni jambo dogo, shauri ya karani na mashine yake. La, si dogo. Tarehe moja inaweza kumfungia mtu mlango wa mkopo kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya ile aliyostahili. Kwa hiyo tusome pamoja, pole pole, halafu kila mmoja aende akaangalie faili yake mwenyewe.

CRB NI KITU GANI?

CRB ni kampuni inayoweka kumbukumbu za mikopo. Kampuni hizi hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kanuni za kwanza zilitungwa mwaka wa 2008 zikaanza kutumika Februari 2009, na kampuni ya kwanza ikapata leseni mwaka wa 2010. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka wa 2013, na tena mwaka wa 2020. Kampuni zilizozoeleka hapa kwetu ni TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Kazi yake ni hivi. Benki, au mkopeshaji mwingine anayeruhusiwa, hupeleka kwa kampuni hizi habari za wateja wake: nani amekopa, kiasi gani, analipa vipi. Habari nzuri hupelekwa na mbaya hupelekwa. Ukienda kuomba mkopo mahali pengine, yule mkopeshaji mpya huitisha faili yako kwanza, akaisoma kabla hajakujibu.

Hapa tuweke jambo moja wazi, maana linachanganya wengi. CRB haitoi mikopo, wala haiamui nani apewe na nani anyimwe. Anayeamua ni mkopeshaji. CRB ni kama daftari tu. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaongeza: daftari lenye habari ya uongo ni hatari kuliko kukosa daftari.

KWA NINI TAREHE INA UZITO?

Kwenye faili yako kila mkopo una tarehe kadhaa. Kuna tarehe uliyochukua mkopo, tarehe ya malipo yako ya mwisho, tarehe mkopo ulipohesabiwa kuwa umeshindwa kulipwa, na tarehe deni lilipomalizika. Tarehe mbili kati ya hizo ndizo hasa tunataka mzikumbuke.

Ya kwanza ni tarehe ya kushindwa kulipa. Kwa utaratibu wa benki zetu, mkopo huhesabiwa kuwa mbovu ukipita siku 90 bila kulipwa. Tuseme malipo yako yalitakiwa tarehe 1 Machi. Ukihesabu siku 90 unafika tarehe 30 Mei. Basi ukikuta faili inasema mkopo ulikuwa mbovu tarehe 10 Aprili, hapo una swali la kuuliza. Tena, kabla ya kukupeleka CRB kwa habari mbaya, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30, ili upate nafasi ya kulipa au kujieleza. Kama tarehe ya kuandikwa imetangulia tarehe ya notisi, au notisi haikuwepo kabisa, hilo pia ni swali.

Ya pili, na ndiyo kubwa, ni tarehe ya kumaliza deni. Wengi hufikiri ukishalipa, habari mbaya inafutwa siku hiyo hiyo. Sivyo. Faili itabadilishwa ionyeshe kwamba deni limelipwa, lakini ile historia ya kuchelewa inakaa miaka 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku deni lilipomalizika. Kwa hiyo mtu akisogeza mbele tarehe ya kumaliza, amesogeza mbele pia siku yako ya kuwa huru.

Kuna jambo la tatu kuhusu tarehe, ambalo watu wengi wameshalisahau. Wakati wa shida ya korona Benki Kuu ilisimamisha kwa muda kuandikwa kwa wakopaji wengine. Mara ya kwanza ilikuwa miezi sita kuanzia Aprili 2020. Baadaye ikatangazwa kwamba mikopo ya chini ya shilingi milioni 5, ambayo ilikuwa ikilipwa vizuri lakini ikaharibika kati ya tarehe 1 Oktoba 2021 na tarehe 30 Septemba 2022, isiwafanye wenyewe wapelekwe CRB kwa muda huo. Ikiwa uliandikwa ndani ya miezi hiyo kwa mkopo wa namna hiyo, una haki ya kuuliza uliandikwa kwa msingi gani.

MFANO WA KUFUNDISHIA

Huu si mfano wa mtu fulani. Tumeutunga ili hesabu ieleweke.

Mama mmoja muuza mboga alichukua mkopo wa shilingi 12,000 mwaka wa 2018. Mtoto akaugua, biashara ikalala, akachelewa, akaandikwa CRB. Baadaye alijikaza akalipa kidogo kidogo mpaka akamaliza tarehe 14 Juni 2019. Risiti anayo.

Kwa hesabu ya kweli, miaka 5 tangu tarehe 14 Juni 2019 ilimalizika tarehe 14 Juni 2024. Baada ya siku hiyo, ile habari mbaya haikutakiwa kuonekana tena.

Lakini mkopeshaji hakupeleka habari za malipo yale mwaka wa 2019. Zilipelekwa karani mwingine alipokuwa akisafisha vitabu, na mashine ikaandika siku ile ya kazi yake kuwa ndiyo siku deni lilipomalizika: tarehe 20 Februari 2022. Sasa miaka 5 inahesabiwa kutoka hapo mpaka tarehe 20 Februari 2027.

Tazameni tofauti. Kutoka tarehe 14 Juni 2024 hadi tarehe 20 Februari 2027 ni miaka miwili na miezi minane na siku kadhaa. Huyu mama hajakosa kulipa. Deni lake aliliheshimu. Lakini kwa miezi 32 kila anayesoma faili yake anaona mtu aliyekuwa na deni bovu juzi juzi tu. Akitaka mkopo wa tangi la maji au wa ng'ombe wa maziwa, anakataliwa au anatozwa riba ya juu. Na yeye akiambiwa "una shida CRB", anadhani ni lile deni la zamani bado linamfuata, ananyamaza na kurudi nyumbani.

Ndugu, msinyamaze.

TAREHE HUHARIBIKA NAMNA GANI?

Si lazima mtu awe na nia mbaya. Mara nyingi ni uzembe tu au mashine. Njia hizi ndizo za kawaida:

(a) Malipo kuchelewa kuripotiwa. Huu ndio mfano wa mama wa mboga. Ulilipa leo, wao wakapeleka habari baada ya miaka.

(b) Deni kuhamishwa. Mkopeshaji akibadilisha mitambo, akiungana na mwingine, au akiuza madeni yake, deni la zamani linaweza kuingizwa upya kama la jana. La 2016 linaonekana la 2021.

(c) Siku na mwezi kupinduliwa. Sisi huandika siku kwanza halafu mwezi. Mashine zingine huanza na mwezi. Hivyo 04/09/2019 kwetu ni tarehe 4 Septemba, lakini kwa mwingine ni tarehe 9 Aprili. Ukiandika barua, andika mwezi kwa maneno, usiandike kwa tarakimu.

(d) Deni moja kuandikwa mara mbili. Moja limefungwa kwa tarehe ya kweli, lingine liko wazi kwa tarehe nyingine. Angalia namba ya akaunti na kiasi cha kwanza cha mkopo.

(e) Deni la mtu mwingine. Namba moja ya kitambulisho ikikosewa, unabeba mzigo usio wako. Ukiona mkopo wa mwaka ambao hata hukuwa na akaunti, anza kuuliza hapo.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Pata faili yako.
Una haki ya kupata ripoti yako bila malipo angalau mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni ya CRB. Itisha kutoka kwa kampuni zote, usitosheke na moja, kwa maana kosa linaweza kuwa kwa moja na lisiwe kwa nyingine. Utahitaji kitambulisho chako na namba ya simu. Msichanganye ripoti na cheti. Cheti cha CRB husema tu kama una deni bovu ambalo halijalipwa. Ripoti ndiyo inayoonyesha historia yote pamoja na tarehe. Kwa kazi yetu hii tunataka ripoti.

Hatua ya 2: Soma kwa kalamu mkononi.
Chora mstari chini ya kila tarehe. Pembeni andika tarehe unayoikumbuka wewe. Kama macho yamechoka, mpe kijana aliyesoma akusomee, lakini awe mtu unayemwamini, maana hiyo ni siri yako.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi.
Neno la mdomo halitoshi. Tafuta risiti, taarifa ya akaunti ya benki, barua ya kumaliza deni, au taarifa ya M-Pesa inayoonyesha tarehe, kiasi na namba ya malipo. Ujumbe wa simu usiufute; na kama umefutika, itisha taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho. Kama ulilipa kupitia kwa Sacco au chama, mwombe mwekahazina akupe nakala ya ukurasa wa daftari wenye sahihi yake. Toa nakala za kila kitu. Karatasi ya asili usimpe mtu yeyote, hata akiwa na tai shingoni.

Hatua ya 4: Andika tarehe mbili, ya uongo na ya kweli.
Lalamiko zuri ni fupi. Sema: faili inasema hivi, kweli ni hivi, na ushahidi ni huu. Usianze kueleza habari za ukame na karo ya shule. Hizo ni kweli na zinaumiza, lakini anayeshughulikia lalamiko anatafuta tarehe.

Hatua ya 5: Peleka barua mahali pawili.
Moja ipeleke kwa mkopeshaji aliyepeleka habari ile. Nyingine ipeleke kwa kampuni ya CRB. Sababu ni hii: CRB haiwezi kubadilisha tarehe kwa neno lako peke yako, lazima imuulize mkopeshaji. Na mkopeshaji akijua kwamba CRB pia imeandikiwa, hawezi kusema barua ilipotea. Ukipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa siku ya kupokelewa. Ukipeleka kwa barua pepe, hifadhi jibu.

Hatua ya 6: Dai alama ya kwamba habari inabishaniwa.
Ukishalalamika kwa maandishi, CRB inatakiwa kuweka alama kwenye faili kuonyesha kwamba habari hiyo inabishaniwa na inachunguzwa. Hili ni jambo muhimu sana kwa mtu ambaye ana ombi la mkopo mezani wiki hiyo hiyo. Kampuni haina ruhusa ya kulikalia lalamiko lako mwaka mzima. Kanuni zimeweka muda wenye mwisho. Ukipeleka barua, waulize watakujibu tarehe gani, na uandike tarehe hiyo pamoja na jina la aliyekujibu.

Hatua ya 7: Hakikisha kwa macho yako.
Ukiambiwa "tumesharekebisha, mama, nenda nyumbani", shukuru, lakini omba barua, halafu itisha ripoti mpya. Angalia kampuni zote tena. Na kama kuna mkopeshaji aliyekukataa kwa sababu ya tarehe ile, mpelekee ripoti iliyosahihishwa wewe mwenyewe. Usingoje aisikie kwa upepo.

MFANO WA BARUA

Mnaweza kunakili barua hii na kujaza nafasi zilizoachwa.

Kwa Meneja,
(Jina la mkopeshaji au la kampuni ya CRB)

KUHUSU: TAREHE ISIYO SAHIHI KATIKA REKODI YANGU YA MKOPO

Mimi ni ......................, mwenye kitambulisho namba ........... Nimesoma ripoti yangu iliyotolewa tarehe ............ Kuhusu mkopo namba ............, ripoti inasema deni lilimalizika tarehe ............ Habari hiyo si sahihi. Nilimaliza kulipa deni hilo tarehe ............, kama inavyoonyeshwa na nakala za risiti na taarifa nilizoambatisha.

Naomba mambo manne: (1) tarehe hiyo irekebishwe iwe ............; (2) habari hiyo iwekwe alama kwamba inabishaniwa mpaka uchunguzi uishe; (3) marekebisho yapelekwe kwa kampuni zote za CRB zilizopewa habari ile; (4) nijibiwe kwa maandishi, na kama ombi langu likikataliwa nielezwe sababu na nionyeshwe rekodi mliyoitegemea.

Wako mwaminifu,
(Jina, sahihi, namba ya simu, tarehe)

Kama kosa lako ni la tarehe ya kushindwa kulipa na si ya kumaliza, badilisha maneno hayo tu. Barua yenyewe inabaki vile vile.

WAKIKATAA AU WAKINYAMAZA?

Kwanza mfahamu kwamba hamuombi hisani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inarudia haki hiyo kwa habari zozote zinazowekwa juu ya mtu. Ukitaja sheria hizi mbili kwenye barua ya pili, kwa adabu, mara nyingi sauti ya afisi hubadilika.

Wakiendelea kunyamaza, panda ngazi moja moja. Kwa benki, andikia Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa benki na kwa CRB. Kwa Sacco inayopokea akiba za wanachama, andikia SASRA, ambayo ndiyo msimamizi wake. Unaweza pia kupeleka lalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa sheria, lalamiko lililofika kwa Kamishna linatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Popote uendapo, beba nakala ya barua zako za kwanza zenye muhuri. Bila hizo utaambiwa urudi uanze mwanzo, na nauli imekwenda.

Mahakama ipo, lakini iwe ngazi ya mwisho. Kabla hujaenda huko, ongea na wakili au na watu wa msaada wa kisheria walio karibu nawe.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Jihadharini na mabroka. Siku hizi kuna watu wanaozunguka wakisema, "Nipe elfu tatu nikutoe CRB." Hakuna mtu wa mtaani mwenye ufunguo wa faili hiyo. Kama habari ni ya uongo, barua yako mwenyewe inatosha. Kama ni ya kweli, broka hawezi kuifuta. Atakula pesa zako na pengine aondoke na namba ya kitambulisho chako.

Msipinge habari za kweli. Tukisema pingeni tarehe, hatusemi mkane deni. Mtu akibisha kila kitu kwenye faili yake, hata lile lalamiko lake la haki halisikilizwi tena. Dawa ya deni ni kulipa. Tarehe inapingwa kwa sababu ni ya uongo, na wala si kwa sababu inatuumiza.

Msidharau madeni madogo ya simu. Kanuni za mwaka wa 2020 zilisema deni la chini ya shilingi 1,000 lisipelekwe CRB kama habari mbaya. Lakini deni la shilingi 800 likiongezwa riba na faini haliko mbali na elfu moja. Mwezi wa Novemba 2022 Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kusaidia wakopaji wa mikopo ya simu ya muda mfupi, ilieleza kwamba mpango huo ulilenga watu zaidi ya milioni 4.2 walioandikwa vibaya. Hebu fikirini, hao ni watu wangapi katika kijiji kimoja. Na kila mmoja wao akilipa, faili yake inapata tarehe ya kumaliza deni, na tarehe hiyo yaweza kukosewa.

Wadhamini, nanyi mko ndani. Kama ulimdhamini jirani kwenye Sacco, uliza mkopo ule uliishaje na uliisha lini. Deni alilokula mwingine laweza kukurudia wewe. Siku mkopo unapoisha, mdhamini naye aweke nakala ya barua ya kumaliza.

Na mwisho, omba barua ya kumaliza deni siku ile ile unayolipa shilingi ya mwisho. Usiseme nitarudi kesho. Meneja anahamishwa, afisi inafungwa, kampuni inabadilisha jina. Karatasi moja yenye tarehe na muhuri, iliyowekwa kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto, itakuokoa miaka mingi baadaye.

KWA VIKUNDI: MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Ni wangapi katika kikundi chetu wamewahi kusoma ripoti yao ya CRB? Kama ni wachache, nini kinatuzuia: hofu, aibu, au kutojua?

2. Mtu alimaliza deni tarehe 3 Mei 2022. Habari mbaya inatakiwa kuondoka lini? Faili ikisema alimaliza tarehe 5 Machi 2023, atachelewa kwa muda gani? Na je, mnadhani kosa hili lilitokea vipi?

(Jibu: inatakiwa kuondoka tarehe 3 Mei 2027. Kwa faili hiyo itaondoka tarehe 5 Machi 2028, yaani miezi kumi zaidi. Angalieni zile tarakimu 3 na 5: huenda siku na mwezi vilipinduliwa, na mwaka nao ukakosewa.)

3. Daftari la chama chetu linaandika tarehe ya kila malipo? Mwanachama akihitaji ushahidi wa miaka mitano iliyopita, mwekahazina ataupata wapi?

4. Ni nani kati yetu anayeweza kumsaidia mzee au mama asiyejua kusoma kuandika barua, bila kutangaza siri yake sokoni?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aitishe ripoti yake kutoka kwa kampuni moja ya CRB, na mwezi unaofuata kutoka kwa nyingine. Si lazima uionyeshe mtu. Kaa mwenyewe, washa taa, soma tarehe moja baada ya nyingine. Zikiwa sawa, iweke ripoti kwenye bahasha na ulale vizuri. Moja isipokuwa sawa, njoo na risiti zako kwenye mkutano, tutakaa chini tuandike barua pamoja.